Mtu Aliyekataa Glasi ya Maji

Siku ya kwanza watoto walimkimbilia wakidhani anauza barafu. Alikuwa amebeba boksi la bluu kama la wauza aiskrimu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na watoto wa mtaa wetu huku Bukoba, chini ya Rwamishenye, wakamzunguka na sarafu mkononi. Akaliweka boksi chini, akalifungua, akawaonyesha. Ndani mlikuwa na chupa tupu na vipande vya barafu.

"Leo nauza maji ya kisima chenu," akawaambia. "Yananuka petroli kidogo. Nani anaanza?"

Watoto wakacheka, wakatawanyika. Mimi nilikuwa naanika kahawa uani na sikucheka. Nilidhani ni mtu mwenye matatizo ya akili, nikafunga mlango wa jikoni.

Tulimwita Bwana Maji, kama tunavyosema Bwana Shamba na Bwana Afya. Jina lake alitutajia, na ninalikumbuka, lakini sitaliandika. Ninayoyasema hapa yana kosa langu ndani yake, na sipendi jina lake likae karibu na kosa langu.

Kilichomleta kilikuwa hiki. Juu barabarani kuna kituo cha mafuta. Tangi lao la chini ya ardhi lilitoboka, hakuna aliyejua kwa muda gani, petroli ikanywewa na udongo, ikakutana na maji ya chini, ikateremka nayo polepole mpaka bondeni kwenye kisima chetu. Ni chemchemi iliyojengewa ukuta na bomba. Mimi ndiye niliyeisikia harufu kwanza. Nilichemsha chai, nikaonja, nikaimwaga mlangoni, nikapiga kelele kumwita jirani yangu Ma Keti: "Nani amemimina petroli kwenye sufuria yangu?" Ma Keti akaja, akanusa, akasema ni uzee. Siku ya tatu chai yake nayo ikanuka, akanyamaza.

Wakubwa wakaja, kisima kikafungwa kwa mnyororo, wakachora fuvu la mtu kwenye bati ili hata asiyejua kusoma aelewe. Kituo kikaamriwa kusafisha. Wakachimba visima virefu, wakaweka mashine ya kuvuta yale maji machafu, kuyapuliza hewa, kisha kuyapitisha kwenye mapipa mawili makubwa yaliyojaa mkaa maalumu. Mkaa unaishika petroli, maji yanatoka mazuri. Lakini yakitoka lazima yaende mahali, na mahali penyewe ni mfereji unaoshuka bondeni kwetu. Ndiyo maana palihitajika kibali cha kuyamwaga, na ndiyo maana palihitajika mtu wa kusema ndiyo au hapana. Mtu huyo ndiye yeye.

Nieleze na upande wangu. Mimi ni mjane. Wanangu wako Mwanza na Dar es Salaam, na wananipigia simu Jumapili. Kisima kilipokuwa wazi, kabla umande haujakauka nilikuwa nimeshaongea na wanawake kumi na zaidi. Nilijua nani ana mimba, nani amegombana na mumewe, nani amepika nini. Niliwagombeza mabinti kwa kusukumana na ndoo, nao walinicheka nikigeuka, na niliwasikia. Kilipofungwa, mkokoteni ukaanza kutuletea maji hadi mlangoni. Maji yalikuja. Watu hawakuja.

Kwa hiyo mimi nilitaka kisima kifunguliwe, na nilikitaka haraka.

Bwana Maji alikuja kila Jumanne. Alianzia kituoni, kwenye mashine. Alijaza chupa tatu: moja kabla ya mapipa, moja katikati ya pipa la kwanza na la pili, moja kwenye bomba la mwisho. Kisha aliteremka bondeni na kujaza ya nne kisimani kwetu. Kila chupa aliiandika kwa penseli, akasema wino hulia ukilowa. Alijaza mpaka juu kabisa, asiache hata nafasi ya pumzi. Nilimuuliza sababu.

"Petroli ni mwizi," akasema. "Ukimwachia kadirisha anatoka. Nikifika maabara nakuta chupa imekuwa mtakatifu."

Kwa chupa ya katikati alichukua muda kuliko zote. Alikuwa na msemo wake: "Ya kwanza najua ni chafu. Ya mwisho kila mtu anaomba iwe safi. Ya katikati haina rafiki, ndiyo maana naiamini." Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa kujisikia.

Alikuwa na misemo mingi ya aina hiyo. Ukimwambia, "Lakini sasa hayanuki," alijibu, "Pua yako si ofisi." Ukimwambia, "Bwana Maji, tuamini basi," alijibu, "Sikuja kuamini, nimekuja kupima." Meneja wa kituo akimwambia wakubwa wana haraka, alisema maji hayana wakubwa. Mtu wa namna hiyo hapendwi upesi.

Jambo lililotuudhi zaidi lilikuwa kukataa kula. Kwetu sisi Wahaya mgeni akifika, kabla ya neno lolote la maana, unamletea akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, atafune mkiwa mnasalimiana. Hata adui humnyimi. Nilimletea kwenye kikapu kidogo. Akakunja mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Ahsante waitu, Ma Koku," akasema, kwa neno letu la heshima. "Siwezi."

"Huwezi kutafuna? Meno yako yana nini?"

"Meno ni mazima. Ni kazi."

"Kazi gani inayokataza kahawa?"

"Nikila kwako, kesho nitakula kituoni. Nikishakula kituoni, chupa zangu zitaanza kuona haya."

"Mimi nikununue kwa punje mbili za kahawa?"

"Najua huninunui. Ndiyo maana naanza kukataa kwako, palipo rahisi."

Palikuwa rahisi kwake. Kwangu hapakuwa rahisi. Nilirudisha kikapu ndani na kwa wiki mbili nikamsalimia kwa kidevu tu. Baadaye nikaona ni kweli hakubagua. Meneja alikuwa na gari zuri, na mvua ya Bukoba mnaijua, haiombi ruhusa. Nilimwona meneja amesimamisha gari, amefungua mlango, anamwita, na Bwana Maji anatikisa kichwa, anakwenda kusimama chini ya migomba yangu. Alikata jani la mgomba. Nikasema sasa amepata akili, atajifunika. Akalifunika boksi. Yeye akalowa mpaka viatu vikalia.

Msidhani alikuwa mtu wa jiwe. Alipenda ubishi kuliko chakula. Yeye alikuwa Mlutheri, mimi ni Mkatoliki, na hapo ndipo tulipopata njia ya kuongea. Alisimama nje ya ua wangu, mguu mmoja juu ya jiwe, akasema:

"Jumapili nilipita kanisani kwenu. Mnaimba kama mnaogopa kumwamsha mtu."

"Na ninyi mnaimba kama nyumba inaungua."

"Angalau Mungu anatusikia."

"Sisi anatusikia hata tukinong'ona, hatuna haja ya kumfokea."

Alicheka mpaka akakohoa. Sauti yake mwenyewe ya kuimba ilikuwa mbaya sana. Aliimba tenzi akiwa anajaza chupa, na Ma Keti alisema petroli itakimbia yenyewe kabla ya mkaa.

Halafu, mtu huyu wa maji aliogopa vyura. Sisemi alikuwa hawapendi. Aliwaogopa. Mmoja aliruka karibu na mguu wake pale bondeni, yeye naye akaruka, akapiga ukelele, boksi likabiringika, na wanawake waliokuwa wakilima karibu wakaangua kicheko kilichofika barabarani. Lakini kila Jumanne lazima aniulize, "Ma Koku, usiku umesikia vyura?" Nikisema hapana, uso wake ulishuka. Nikisema nimesikia mmoja au wawili, aliandika kwenye daftari. Nilimwambia, "Unawatafuta ili uwakimbie?" Akasema, "Wakirudi wao ndipo nitajua mimi naweza kuondoka."

Kingine. Alipima kila kitu lakini hakujua saa. Mikutano yake mwenyewe alichelewa. Chupa hakuzichelewa hata mara moja.

Kuna siku shati lake lilikuwa halina vifungo viwili. Mimi mdomo wangu haujui kupumzika. Nikamwambia, "Mkeo haoni unatoka na shati la namna hii?" Akaangalia shati, kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona. Akasema, "Haoni tena." Akainama kufunga boksi. Nilikaa na neno lile siku nzima. Jumanne iliyofuata nilitoa sindano na uzi nikaviweka juu ya jiwe alipokuwa akiweka mguu. Hakuvigusa. Nikakumbuka ya kahawa, nikavirudisha ndani.

Chakula chake alikuja nacho. Mayai mawili ya kuchemsha na chai ya chupa, tamu mpaka nyuki wanamfuata. Alikaa juu ya kalavati, mgongo kwa kituo na ubavu kwa nyumba zetu, akamenya mayai, akatia maganda mfukoni. Vijana wa kituo hawakumtaka, kwa sababu akisimamisha mashine, pampu za mafuta nazo zinasimama, na pampu zikisimama wanarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi hatukumtaka kwa sababu ya kisima. Nilikuwa namwona kutoka uani kwangu. Mimi nakula peke yangu upande huu wa ua, yeye anakula peke yake upande ule. Hatua arobaini labda. Sikumwita hata siku moja, na kukataa kwake kula kwetu hakukumkataza kuketi.

Sasa niseme habari ya mkutano.

Mashine ilikuwa imefanya kazi zaidi ya mwaka. Maji yaliyosafishwa yalikuwa yanajazwa kwenye matangi na kubebwa na gari kwenda kumwagwa kwingine, na hiyo ilikuwa gharama, na kituo kilichoka. Wakaomba kibali cha kuyaachia mferejini. Sisi tukaambiwa mfereji ukiruhusiwa, maji yatasukuma uchafu uliobaki, na kisima kitafunguliwa upesi. Kama ilikuwa kweli au si kweli sikuuliza. Nilisikia neno kisima, nikavaa kitenge kipya.

Tukakutana kwenye banda la ofisi ya kata. Meneja alikuwa mtu wa adabu, anasalimia wazee kwa kuinama, na Kihaya chake kizuri. Akaweka mezani jagi la maji kutoka bomba la mwisho la mashine, na glasi. Akajimiminia, akanywa yote mbele yetu, akafuta midomo.

Niwaeleze msiokuwa wa kwetu. Anayekukaribisha pombe hunywa kwanza yeye, ndipo akupe wewe. Ndiyo kutoa uchawi. Akishaonja mbele yako, kukataa ni kumwambia mbele za watu kwamba yeye ni muuaji, au kwamba wewe unajua kitu kibaya kwa sababu umekiweka mwenyewe. Hakuna njia ya tatu. Tumekua hivyo.

"Wazee wangu, mama zangu," meneja akasema, "mmeona. Mimi nina watoto wanne. Ningeyanywa?"

Wanawake wakapiga makofi. Nikasimama. "Lete na mimi."

Nikanywa. Yalikuwa baridi, hayana ladha, mazuri kuliko ya mkokoteni. "Ni maji," nikasema. "Maji ni maji. Tufungulieni kisima." Makofi yakawa makubwa. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile, na sitasema uongo, nilifurahi.

Meneja akajaza glasi, akampelekea Bwana Maji kwa mikono miwili. Bwana Maji akaitazama. Hakunyoosha mkono.

"Kunywa basi nawe, tumalize," Ma Keti akapaza sauti.

"Sina kiu."

Banda zima likaguna.

"Unaogopa?" meneja akauliza kwa upole.

"Siogopi. Maji hayo ni safi. Wiki iliyopita nimeyapima, ni safi."

"Mmesikia kwa kinywa chake mwenyewe!"

"Sijamaliza," akasema Bwana Maji. Akasimama, na hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu, mikono ilimsumbua. "Kuna mapipa mawili. La kwanza limeshiba. Mkaa wake hauwezi kushika tena, petroli inapita humo kama mtu anayepita mlango wazi. Nimeiona kwenye chupa ya katikati. Limebaki la pili peke yake, nalo litashiba. Siku hiyo hakuna ulimi utakaowaambia, kwa sababu sumu hii inaingia kwenye glasi kabla ya harufu. Ninyi mnaniuliza maji ya leo. Kibali kinaniuliza maji ya siku ambazo sitakuwepo. Wabadilishe mkaa, nipime mara tatu, nitasaini siku hiyo hiyo."

"Mkaa huo unatoka ng'ambo," meneja akasema. "Ni miezi."

"Basi ni miezi."

"Si unywe tu, baba!" Ma Keti akalia. "Unywe, kisha useme hayo yote!"

"Nikinywa, mtaacha kunisikiliza."

Hapo ndipo niliposimama mara ya pili. Heri ningebaki nimekaa. Nilisema hivi, na walionizunguka wote walisikia: "Mtu anayekataa glasi iliyoonjwa mbele yake, anajua alichotia ndani."

Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka na mkokoteni. Lakini mimi ni mtu mzima, najua neno kama hilo likitupwa kwenye banda lenye watu halirudi mkononi. Alinitazama. Akakaa, akaweka mikono juu ya boksi.

Toka siku ile kina mama walivuta watoto wao akipita. Watoto wale wale waliodhani anauza barafu wakamkimbia. Mtu akaandika neno kwa mkaa kwenye kalavati alipokuwa akila, nalo lilikuwa neno langu, limefupishwa. Siku moja alikuta barafu yake imemwagwa na chupa zimechanganywa, akarudi mjini kuanza upya. Alianza upya.

Na mimi sikuishia hapo. Binti wa Ma Keti aliandika barua kwa wakubwa wa Bwana Maji, mimi nikamwambia maneno. Kwamba mtu huyu anatutesa, anatunyima maji aliyokiri mwenyewe ni safi, tunaomba atolewe. Watu wa mtaa wakatia sahihi na dole gumba. Nilisoma mpaka darasa la nne na najua kuandika jina langu, nikaliandika la kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Jumanne yake ya mwisho alipita uani kwangu. Labda alijua ni ya mwisho. "Habari za asubuhi, Ma Koku," akasema, na akanisalimia tena kwa Kihaya, salamu ndefu ile ya heshima ambayo mtu lazima aijibu hatua kwa hatua. Nikaendelea kupepeta kahawa. Akasubiri kidogo. Akaenda.

Baada yake mtaa ulinyamaza wiki kadhaa. Halafu akaja binti mmoja na boksi jeupe, mdogo, ana miwani. Nikamfuata hadi mferejini kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Nikamuuliza kama sasa atasaini.

"Hapana, bibi. Chupa ya katikati ni chafu."

"Hiyo tumeisikia. Ya mwisho?"

"Ya mwisho nayo imeanza."

"Imeanza nini?"

"Imeanza kupitisha. Pipa la pili limeshiba. Bahati yenu mfereji ulikuwa umefungwa."

"Kama yule wa kwanza angesaini?"

Akavua miwani akaifuta kwa kanga yake. "Yangekuwa bondeni kwenu sasa, bibi. Na msingejua."

Nilipanda kilima polepole. Nilifika nyumbani nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kumwambia mtu. Ma Keti ndiye mtu wa kumwambia, lakini Ma Keti alikuwa ameshachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi kata nyingine, Bakoba, na nyumba yake ilikuwa na kufuli. Nikaiambia kahawa.

Mkaa ukaja. Wakabadilisha. Binti akapima mara tatu kama yule alivyosema, akasaini. Wakaruhusiwa kumwaga kidogo kidogo, masaa matatu kwa siku, na mvua kubwa ikinyesha wanafunga, mfereji usije ukafurika mashambani. Ikapita masika moja, ikapita nyingine. Mwishowe wakakata mnyororo wa kisima chetu. Palikuwa na hotuba. Lakini miaka ile yote mabomba yalikuwa yameingia majumbani. Mabinti niliokuwa nawagombeza wameolewa. Asubuhi ya siku iliyofuata nilishuka na ndoo kabla umande haujakauka, nikasimama pale nikasubiri. Maji yalitiririka vizuri. Nikajaza, nikapanda.

Yule binti ndiye aliyeniambia kwamba Bwana Maji amestaafu, yuko kwao Muleba, milimani karibu na Rubya. Mimi macho yalikuwa yananisumbua, na hospitali ya Rubya niliambiwa wana daktari wa macho. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya macho. Nilitibiwa asubuhi, nikapewa dawa ya matone, na mchana nikauliza njia.

Nilimkuta kwenye kibanja chake cha migomba, anaondoa majani makavu kwa panga fupi. Alikuwa amekonda. Nyumba nzuri, imefagiliwa, kiti kimoja barazani. Nikabisha hodi. Hakugeuka.

"Karibu, Ma Koku."

"Umenijuaje na hujaniona?"

"Sauti yako naijua. Unabisha hodi kama polisi."

Akaja, akafuta mikono. Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye gogo. Sikukaa.

"Nina jambo, nalisema nikiwa nimesimama."

"Sema."

"Ile barua iliyokuondoa. Jina la kwanza ni langu."

"Najua. Nilionyeshwa."

"Na lile neno la mkutanoni."

Kuku alipita katikati yetu, akaenda zake.

"Barua haikuniuma," akasema. "Barua ni mambo ya kazi. Lile neno liliniuma. Lilinifuata mpaka huku. Kuna nyumba mbili hapa jirani hawaniitikii."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima toka Bukoba. Yalikataa kuja yote, yakaja mawili tu. "Nisamehe, waitu."

"Nimekusikia," akasema.

Hakusema amesamehe. Nilingoja kidogo kama atasema, kisha nikaona nakaa kama mtu anayesubiri chenji, nikaacha. Nilimwambia nitakwenda kwenye nyumba zile mbili mimi mwenyewe, sasa hivi. Akasema hawatanielewa, Kihaya changu ni cha mjini. Nikamwambia wataelewa. Nikaenda. Nyumba ya kwanza mlikuwa na mzee na mkewe. Niliwaambia kwa sauti: mwanamke aliyelianzisha neno lile ni mimi, nilisema uongo nikiwa na hasira, na maji ya watoto wa mtaa wangu mtu yule ndiye aliyeyaokoa. Mzee akaangalia miguu yake. Mkewe akasema, "Umechelewa, mama." Nikasema najua. Nyumba ya pili hapakuwa na mtu, nikamwachia ujumbe mwanamke aliyekuwa akichuma kahawa.

Niliporudi alikuwa ameleta kiti cha pili, sijui alikitoa wapi. Sasa nikakaa.

Akaniuliza wanamwaga kwa kipimo gani, nikamjibu. Akauliza kama mvua ya masika walifunga kweli, nikasema walifunga, nilikwenda kutazama mwenyewe nikiwa na mwavuli. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na asubuhi pale kisimani, wanateka wangapi?"

Ningeweza kusema wengi. Lingemfurahisha. Alikuwa ametoa miaka yake na jina lake kwa ajili ya foleni ile. Lakini mtu huyu hakuandika hata siku moja kisichokuwamo kwenye chupa, na mimi nilikuwa nimeshamdanganyia watu vya kutosha.

"Mimi," nikasema.

"Na nani?"

"Mimi tu. Wengine wana mabomba."

Upepo ulipitia migombani, majani makavu yakalia.

"Ndoo ngapi?"

"Moja asubuhi. Moja jioni."

"Unayanywa?"

"Ndiyo ninayokunywa."

"Basi kinatumika," akasema, kwa ile sauti ya kuandika.

Jua lilikuwa linashuka, nikaaga. Kwetu mgeni anasindikizwa mpaka mwisho wa kibanja. Tulifika mwisho wa kibanja, akaendelea. Tukapita kanisa, tukapita maduka, tukafika barabarani, tukasimama pamoja kando ya lami. Gari la Bukoba likaja, lina nafasi, dereva akapunguza mwendo akitutazama. Hakuna kati yetu aliyeinua mkono. Likapita. Likaja jingine, nalo tukaliacha.